Kipimo cha Macho: Mazungumzo ya Njia ya Momela

Walio darasani wasogee karibu na redio, na walio nyumbani wachukue daftari na kalamu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: mtaji, gharama, faida, ndoo, lumbesa. Tutayakuta yote katika mazungumzo ya leo.

Leo sitawasomea kitabu. Nitawaeleza mambo niliyoyasikia kwa watu niliokutana nao nilipokuwa nikizungukia madarasa ya upande wa Momela na Ngarenanyuki. Hawakuwa watu wenye vyeo. Mmoja hulima nyanya, mmoja huzinunua, na mmoja hubeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Kila mmoja alisema habari zake, lakini habari zote tatu ziliangukia mahali pamoja, yaani kwenye kipimo.

Kwa wale msiofika huku, yafaa nieleze njia. Ukitoka Usa River unapanda mpaka Ngurdoto, kisha barabara inaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mwaka 1967 ikapewa jina la Arusha. Gari la abiria hupita humo humo, na twiga huinua shingo kutazama magunia yaliyofungwa juu yake. Mkono wa kushoto ni Mlima Meru. Mkono wa kulia, siku isiyo na mawingu, utauona Kilimanjaro. Mbele kidogo ni maziwa ya Momela. Ni maziwa madogo yaliyo karibu karibu, lakini rangi za maji yake si moja: hili ni kijani, lile ni la buluu, jingine limefifia. Wataalamu wasema rangi hizo zatokana na vijimea vidogo sana vilivyomo majini, na kila ziwa lina vyake.

Mtu aliyetoka mbali na mwenye kiu akiyaona maji hayo angependa kuyanywa. Lakini hayanyweki. Yana magadi. Heroe wayafurahia, bali mtu hawezi.

Nalitaja jambo hili kwa sababu liko jingine la namna hiyo lililo baya zaidi, maana halina hata ladha. Sehemu nyingi zinazozunguka mlima huu, maji yana madini yaitwayo floraidi kupita kiasi. Ukiyatia katika bilauri ni meupe kabisa. Ukiyanywa ni matamu. Lakini mtoto akiyanywa miaka mingi meno yake huwa ya kahawia, na madini yakizidi sana mifupa huharibika na miguu hupinda. Shirika la Afya Duniani lasema floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Nani awezaye kuiona miligramu moja na nusu kwa macho? Hapana. Na kuchemsha hakuondoi floraidi. Kuchemsha huua vijidudu, na ni kazi njema, lakini floraidi hubaki, na maji yakipungua kwa mvuke, yaliyobaki huwa na floraidi nyingi zaidi kwa kila lita. Pale Ngurdoto kipo kituo cha serikali kinachofanya utafiti wa kuiondoa kwa kuchuja maji katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Kila kijiji chenye chanzo cha maji kina haki ya kuuliza: maji yetu yamepimwa lini, na kipimo kilisema nini?

Basi, tuingie katika biashara.

Ngarenanyuki ni nchi ya nyanya. Ukifika wakati wa mavuno utaona masanduku ya mbao, ambayo wenyeji huyaita matenga, yamepangwa kando ya barabara yakingoja kenta za kwenda mjini. Hapo nilimkuta mama mmoja ameketi juu ya tenga tupu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Nikamwuliza kama nyanya za msimu uliopita zilimlipa.

"Zilinilipa," akasema, "lakini fedha sikuziona."

Jibu hilo lilinishangaza, nikaketi. Akanieleza kwamba alikodi shamba robo eka, akavuna matenga arobaini, akauza kila tenga shilingi 20,000. Akapata shilingi 800,000. Katika hizo alitoa mbolea na dawa, shilingi 320,000. Zikabaki 480,000. Kwa hesabu hiyo alimwahidi binti yake, aliyemaliza kidato cha nne, kwamba atampeleka chuo akajifunze ushonaji. Binti akafurahi, akaanza hata kuulizia nauli. Siku ya kulipa ilipofika, mama akafungua kitambaa chake akakuta laki mbili tu.

"Laki mbili na themanini zimekwenda wapi?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyezichukua. Kisha akashusha sauti. "Nyumbani tuko watu wawili tujuao mahali pa kile kitambaa. Mwezi mzima sijasema vizuri na baba yao."

Wasikilizaji, tulieni hapa. Ndoa ya miaka mingi imeingia ufa, na binti amekaa nyumbani, kwa sababu ya shilingi 280,000. Nikatoa karatasi, nikamwomba atamke yeye mwenyewe kila kitu alichotoa fedha tangu siku ya kwanza, nami niandike. Mwalimu, andika ubaoni kama nisemavyo, na wanafunzi waandike katika daftari. Tarakimu hizi nimezirahisisha kidogo ili zifae darasa.

Kukodi shamba, 100,000. Mbegu na kulea miche kitaluni, 60,000. Mbolea, 140,000. Dawa, 180,000. Vibarua wa kulima, kupalilia na kuvuna, siku ishirini kwa 6,000 kila siku, yaani 120,000. Jumlisheni.

Jumla ni 600,000. Hiyo ndiyo gharama. Toeni katika 800,000. Faida ni 200,000.

Mama akaitazama karatasi muda mrefu. Akaweka kidole juu ya kukodi shamba, halafu juu ya miche, halafu juu ya vibarua. Laki moja, elfu sitini, laki moja na elfu ishirini. Zikijumlishwa ni 280,000. Ni zile zile. Hakuna aliyezichukua. Alizilipa yeye mwenyewe kidogo kidogo, nyingine kabla mche haujashika udongo, na kwa kuwa zilitoka mapema na kwa mafungu, kichwa kilizisahau. Mbolea na dawa alizikumbuka kwa sababu alizinunua kwa mkupuo dukani.

Akasema, "Kumbe baba wa watu hana kosa." Akacheka, lakini si cheko la furaha.

Baadhi ya watu hudhani kuandika hesabu ni kazi ya matajiri. Mimi naona ni kinyume. Tajiri akisahau 280,000 atalala usingizi. Mtu mwenye shamba la kukodi robo eka akizisahau, nyumba yake hutikisika.

Tuliendelea na hesabu moja zaidi, na hiyo ilikuwa chungu. Msimu ulichukua miezi minne, na mama alikuwa shambani karibu siku mia moja. Gawanyeni 200,000 kwa siku 100. Ni shilingi 2,000 kwa siku. Kibarua wake alimlipa 6,000. Basi mwenye shamba alipata theluthi moja ya alichopata kibarua wake, na hatari yote ya mvua na wadudu ilikuwa yake. Sisemi kwamba aache kulima. Nasema alikuwa hajui.

Sasa neno la tano la ubaoni: lumbesa. Wengi mnalijua. Tenga likijaa mpaka ukingoni, mnunuzi hasemi basi. Hujengwa kichwa juu yake, hupangwa nyanya moja juu ya nyingine, hufunikwa majani na kufungwa kamba. Bei hubaki ya tenga moja. Tukamwomba kijana alete ndoo. Tenga lililo sawa na ukingo likapokea ndoo nne za nyanya. Tenga la lumbesa likapokea ndoo tano. Kwa hiyo katika kila tenga mama alitoa ndoo moja bila malipo. Matenga 40, ndoo 40. Ndoo nne ni tenga moja. Arobaini gawanya kwa nne ni matenga kumi. Matenga kumi kwa bei ya 20,000 ni shilingi 200,000.

Someni tena faida yake ya msimu mzima. Ni 200,000. Vichwa vya matenga vilikuwa na thamani sawa na faida ya miezi minne.

Yafaa mjue kwamba lumbesa imekatazwa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340 ya sheria za Tanzania, ndiyo inayosimamia mambo haya, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kukagua mizani na ufungashaji. Mkulima aweza kupeleka malalamiko kwao, au kwa ofisi ya kijiji na kata. Lakini afisa wa vipimo hawezi kusimama kila siku kando ya kila shamba, na nyanya iliyoiva haingoji barua. Hapo ndipo penye ugumu, na sipendi kuwadanganya kwamba sheria peke yake inatosha.

Huyo mnunuzi nilimkuta saa ile ile akipakia kenta. Nilitazamia kukutana na mtu mkali, lakini alikuwa mpole na mwenye haraka. Nikamwambia, "Ndugu, tumezipima. Kila tenga unachukua ndoo nzima ya bure."

"Mwalimu," akanijibu, "mjini nami nauza kwa macho. Nikipeleka tenga la bapa sokoni Kilombero, mwenye genge ataliruka aende kwa mwenzangu mwenye kichwa. Njiani nyingine zinapondeka. Mafuta ya gari, ushuru, wapakiaji, wote wanataka chao. Hicho kichwa unachokiona hakiliwi na mimi peke yangu."

Sikumwona mwongo. Huenda maneno yake yote ni ya kweli. Lakini angalieni jambo moja: yeye alizitaja gharama zake zote bila kusita, mafuta, ushuru, wapakiaji na zinazopondeka. Alizijua. Mama hakuzijua zake. Watu wawili wakipatana bei, na mmoja wao tu ndiye ajuaye hesabu yake, bei itaegemea upande gani?

Mama angeweza kukataa lumbesa siku ile? Peke yake, hapana. Angekataa, gari lingekwenda kwa jirani, nazo nyanya zake zingeoza. Kwa hiyo jioni wanawake kumi na mmoja wa darasa lile wakakaa na karatasi ile ile. Wakapatana wote kuuza matenga ya bapa, na atakaye kichwa akilipie ndoo yake, shilingi 5,000, ili tenga la lumbesa liwe 25,000.

Niliporudi baada ya majuma matatu nikauliza habari. Juma la kwanza walisimama pamoja. Juma la pili mmoja wao alikuwa na mtoto mgonjwa, akahitaji fedha usiku ule, akauza kwa bei ya zamani, na sioni wa kumlaumu. Mwisho wakapatana na wanunuzi wawili kwa 22,000 tenga la kichwa. Si 25,000. Lakini shilingi 2,000 zaidi katika matenga 40 ni shilingi 80,000. Na sasa wametenga mfuko mdogo wa dharura, kila mmoja atia 1,000 kwa juma, ili mwenye mgonjwa asilazimike kuuza usiku. Fedha zinazoingia na kutoka huandikwa na wanafunzi wenyewe, kwa zamu, na kusomwa kwa sauti mbele ya wote.

Kuchanga si jambo geni katika ardhi ile. Wazee wanakumbuka kwamba mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachanga fedha zao, na mwaka 1952 wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet mpaka New York, akaeleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Safari ile haikuwarudishia ardhi mara moja. Lakini dunia ilisikia, na waliomtuma hawakuwa matajiri, walikuwa wakulima. Nyanya za yule mama zimeota katika nchi ile ile.

Mtu wa tatu nilimkuta kwenye lango la Momela. Ndipo wanapoanzia wageni wanaopanda Mlima Meru, ambao kilele chake kimepita mita 4,500. Wageni hufuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati, na mizigo yao hubebwa na wapagazi. Kijana mmoja alikuwa akifunga begi kwa kamba. Baada ya maamkizi nikamweleza habari ya lumbesa.

Akasema, "Mwalimu, mzigo wangu unapimwa kwenye mizani kabla sijaondoka. Ukizidi, napunguziwa. Mimi niliyefika darasa la saba napimiwa mzigo, na mama yangu anayelima nyanya hapimiwi. Sijawahi kulifikiri jambo hilo."

Yeye ana taabu ya namna nyingine. Fedha zake huja kwa vipindi. Wageni wakiwa wengi hupata kila juma, na mvua za masika zikija hukaa hata mwezi bila safari. Zamani, akaniambia, siku aliyoshuka mlimani alikuwa tajiri, na baada ya siku tano alikuwa akikopa chumvi. Sasa ana daftari dogo mfukoni, limekunjamana kwa jasho. Kila safari huandika alichopata, halafu hukigawa kabla hajafika nyumbani: cha chakula, cha mama, na cha miezi ya mvua. Hicho cha tatu hakai nacho. Humpa shangazi yake ambaye, kwa maneno yake, "hata ukilia hakupi kabla ya Aprili." Kwa fungu hilo amenunua kuku wa mayai kumi na wanne. Alipoanza hakuwa na mtaji mwingine wowote. Mtaji ni fedha au mali unayoanzia kazi, na wake ulitoka katika mafungu yale ya miezi ya mvua.

Nikaona kuku wana ukurasa wao katika daftari, mbali na safari. Nikamwuliza kwa nini. "Nikichanganya," akasema, "kuku wanakula fedha za mlima nami nadhani wananilisha."

Kabla sijamaliza, liko jambo la kusoma ambalo wakulima wa nyanya wasilipuuze. Mwaka 2014 mdudu mpya wa nyanya aligunduliwa katika kijiji cha Ngabobo, Arumeru. Watu walimwita Kantangaze. Kiwavi wake hutoboa majani na matunda, na shamba zima laweza kuangamia. Tangu hapo dawa zimezidi mashambani. Kila chupa ya dawa ina karatasi yenye maandishi, na chini yake mstari wa rangi. Mstari mwekundu ni wa sumu kali kabisa, kisha manjano, kisha buluu, na kijani ni yenye hatari ndogo kuliko zote, si kwamba haina hatari. Tena imeandikwa siku ngapi za kungoja kati ya kupiga dawa na kuvuna. Mkipiga dawa, andikeni tarehe. Asiyeandika tarehe atavuna kwa macho, na nyanya yenye sumu yafanana kabisa na isiyo na sumu. Wala chupa tupu isitiwe maziwa au mafuta ya taa hata ikioshwa mara kumi. Mwanafunzi anayeweza kusoma neno "sumu" na tarakimu moja tu amekwisha kuwa mlinzi wa nyumba yake.

Sasa kazi ya nyumbani. Mwalimu, andika polepole.

Mzee mmoja ana ng'ombe wa maziwa. Kila siku hukama lita saba. Lita sita huuza kwa shilingi 1,200 kila lita, na lita moja hunywewa nyumbani. Kwa siku thelathini hununua pumba za 75,000, dawa za 15,000, na hulipa kijana wa kukata majani 60,000. Amepata shilingi ngapi kwa mauzo? Gharama ni kiasi gani? Faida ni ngapi? Kisha jadilianeni: ile lita moja ya nyumbani iandikwe wapi katika hesabu, au isiandikwe? Msikubaliane upesi. Nimekwisha sikia madarasa mawili yakibishana juu ya lita hiyo mpaka taa ikazimika.

Tena kila mmoja apime kwa ndoo au debe kitu kimoja anachouza au kununua kwa fungu, mahindi, viazi, mkaa au ndizi, aandike alichokuta. Leteni daftari zenu juma lijalo, saa ile ile. Tutaanza na majibu ya ng'ombe, halafu tutajifunza kusoma mizani ya mkono. Kwaherini.